Kwa nini chewa hammezi samaki anayeingia kinywani mwake?

Swali la msomaji:

"Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya sekondari, maeneo ya Tegeta. Tuliwapeleka wanafunzi wetu kisiwa cha Mbudya, wakavaa miwani ya kuzamia na kutazama matumbawe. Binti mmoja alimwona samaki mdogo mwenye mstari mweusi akiingia kinywani mwa chewa na kutoka salama. Aliponiuliza kwa nini hakumezwa, nilimjibu kwamba huo ni uhusiano wa kunufaishana, kila mmoja anapata faida. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Baba yake mdogo ni mvuvi wa Kunduchi, naye amemwambia kwamba kasamaki kale si kema hata kidogo, kanawauma wenzake na kukimbia. Nani ana ukweli? Na jambo la mwisho: shuleni tuna tangi la maji ya chumvi. Je, tunaweza kumchukua mmoja tumfuge ili wanafunzi wamwone kwa karibu?"

Jibu:

Marahaba, Mwalimu. Nimefurahi sana kwamba binti huyo hakuridhika. Ukisema "wote wanafaidika" umetaja matokeo tu. Hujaeleza ni nini kinachomzuia chewa mwenye njaa, samaki ambaye maisha yake yote ni kufungua kinywa na kufyonza vijisamaki, asifunge taya wakati kitoweo kimejileta chenyewe hadi kooni. Na baba yake mdogo msimpuuze. Alichosema ni kweli, tena ni kweli kwa namna mbili tofauti, nitazieleza zote. Uhusiano huu haukusimama juu ya wema wa mtu. Umesimama kwa sababu kila upande una njia ya kumbana mwenzake, na mahali ambapo njia hizo zinalegea, wizi huanza mara moja.

Tumtambue kwanza samaki mwenyewe. Wanasayansi humwita Labroides dimidiatus, nasi hapa tutamwita msafishaji, kwa sababu huwadonoa samaki wengine, yaani wateja wake, vimelea vilivyowaganda. Ni mwembamba, urefu wake ni kama kidole cha mkono wa mtu mzima, na aliyekomaa kabisa hufika sentimita kumi na kitu. Kichwani ana weupe wenye umanjano kidogo, mkiani ana buluu ya kung'aa, na mstari mweusi unaanzia puani, unapita jichoni, unaendelea kupanuka hadi kwenye mkia. Akiwa mchanga huwa mweusi karibu mwili mzima, na mgongoni ana mstari wa buluu kali. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na mwambao wetu wa Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Hapa Dar es Salaam ukitulia juu ya matumbawe ya Mbudya au Bongoyo utamwona, mradi maji yawe safi.

Samaki huyu hatangitangi. Ana kituo chake: jiwe fulani, pembe fulani ya mwamba, au tumbawe moja kubwa lililochomoza. Wateja ndio wanaomfuata. Na hapa ningependa wanafunzi wako watulie kidogo, maana yanayotokea kwenye kituo hicho ni mambo ya kuyatazama hatua kwa hatua. Pono akifika husimama wima, kichwa juu au chini, na kuacha kupiga mapezi mpaka unadhani ni mgonjwa. Mkundaji hubadilika rangi, anaiva wekundu, na vimelea vilivyoganda mwilini vinaonekana wazi zaidi. Kangaja hutandaza mapezi. Chewa hufungua kinywa kwa upana wake wote na kuinua vifuniko vya matamvua. Msafishaji naye, kabla hajamgusa mteja, hasa mteja mkubwa, mara nyingi huja akicheza: sehemu ya nyuma ya mwili inapanda na kushuka kama anayeyumba kwa makusudi, mkia umechanuliwa. Baada ya hapo anaanza kazi. Anapita ubavuni akidonoa, anaingia chini ya pezi, anazama ndani ya matamvua, anatokea kinywani. Chewa akitaka kuondoka, hufunga kinywa nusu kwa mtikisiko mfupi kisha hukifungua tena. Msafishaji huelewa, hutoka, na chewa huenda zake.

Anadonoa nini? Chakula chake kikuu ni vidudu vidogo sana vya jamii ya kamba na kaa, vyenye urefu wa milimita moja hadi tatu hivi, ambavyo vikiwa vichanga huishi kwa kunyonya damu ya samaki. Kitaalamu huitwa nathiidi. Hujificha kwenye mchanga na mianya ya matumbawe, hasa usiku hutoka, humrukia samaki, hunyonya hadi matumbo yavimbe, kisha huanguka na kurudi mafichoni. Samaki mwenye vidudu hivi vingi hupungukiwa damu na hubaki na vidonda. Kwa samaki mchanga, hata vichache tu vinaweza kumuua.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama kazi hii ina maana yoyote. Mmarekani Conrad Limbaugh, katika makala iliyochapishwa mwaka 1961, alieleza kwamba aliwaondoa wasafishaji wote kwenye miamba fulani huko Bahamas, na baada ya muda samaki wengine wakahama, waliobaki wakawa na vidonda na ukungu. Waliorudia jaribio hilo mahali pengine hawakuyaona hayo, basi wengine wakaanza kusema kwamba huenda msafishaji ni mdowezi tu. Jibu la uhakika lilikuja mwaka 1999, kutoka kwa Alexandra Grutter aliyefanya kazi kisiwa cha Lizard, kwenye mwamba mkubwa wa matumbawe wa Australia. Aliweka samaki kwenye vizimba, baadhi kwenye miamba yenye wasafishaji, baadhi kwenye miamba isiyo nao. Ndani ya saa 12 za mchana, wale waliokuwa karibu na wasafishaji walikuwa na vimelea pungufu zaidi ya mara nne. Yeye huyo pia alikadiria kwamba msafishaji mmoja hula vimelea takriban 1,200 kwa siku na huhudumia wateja zaidi ya 2,000. Kumbuka kwamba mteja mmoja huja mara nyingi kwa siku, kwa hiyo hao si samaki 2,000 tofauti. Hata hivyo, ni kazi ya kutwa nzima, kuanzia kunapopambazuka hadi jua linapozama. Usiku ukiingia msafishaji hujibana kwenye mwanya wake, hujizungushia kifuko cha ute wake mwenyewe, na kulala.

Sasa turudi kwa chewa wa binti yako. Sababu ya kwanza ya kutommeza ni hesabu ya kawaida ya maisha. Kasamaki ka gramu chache ni tonge moja tu, tena dogo, na tonge hilo likishamezwa, kesho vidudu vitakuwa palepale kwenye matamvua na hakuna wa kuvitoa. Chewa hahitaji kuipiga hesabu hiyo kichwani. Katika vizazi vingi, chewa waliowaacha wasafishaji walikuwa na afya kuliko waliowameza, na tabia ya kuwaacha ndiyo iliyoenea. Mstari ule mweusi na buluu ile, pamoja na ule mchezo wa kuyumbisha mwili, vinamtambulisha msafishaji kabla hajafika karibu.

Sababu ya pili huwa inawashangaza wengi: chewa anapenda kuguswa. Msafishaji, akiwa juu ya mgongo wa mteja, humpapasa kwa mapezi yake ya tumboni. Mpapaso huo hautoi kimelea hata kimoja. Mwaka 2011, Marta Soares na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa kangaja: baadhi yao waliwekwa pamoja na sanamu ya msafishaji iliyokuwa ikisogea na kuwagusa, wengine wakawekwa na sanamu iliyosimama tu. Waliopapaswa na sanamu, kitu kisicho na uhai, walikuwa na homoni ya msongo wa mawazo kidogo kuliko wenzao. Maana yake mguso wenyewe unatuliza. Wasafishaji wanaijua nguvu hiyo na wanaitumia kwa kuchagua: samaki wala nyama hupapaswa zaidi kuliko wala majani. Mteja anayeweza kukumeza anastahili kubembelezwa, na hilo halina ubishi.

Hapo ndipo tunapofika kwa baba yake mdogo.

Mwaka 2003 Grutter na Redouan Bshary walionyesha kwamba, akipewa nafasi ya kuchagua, msafishaji huyu hapendi nathiidi kuliko vyote. Anachokipenda zaidi ni ute, ule utelezi unaofunika magamba ya samaki. Ute una virutubisho, na kwa mteja ni mali: unamkinga na vijidudu vya maradhi, na kuutengeneza upya kunamgharimu nguvu. Kwa hiyo kila mara msafishaji anapokuwa ubavuni mwa mteja kuna mvutano. Anachotakiwa kula ni kimelea, anachokitamani ni ute. Na mara kwa mara tamaa inashinda, anang'ata. Mteja hugutuka, mwili mzima unaruka kidogo. Mgutuko huo unaonekana wazi kabisa kwa macho, na ndio kipimo ambacho watafiti hutumia kuhesabu wizi. Mvuvi aliyekulia kwenye maji ya Kunduchi lazima amewaona samaki wakigutuka hivyo, kisha kasamaki kakichomoka mbio.

Ikiwa wizi ni mtamu na msafishaji ni mwepesi, kwa nini asiibe kila mara? Bshary alitumia miaka mingi huko Ras Mohammed, upande wa Misri wa Bahari ya Shamu, akilichunguza swali hili, na mimi naona ni kati ya kazi nzuri kabisa zilizowahi kufanywa juu ya tabia za wanyama. Aligundua kwamba wateja wana njia tofauti za kujilinda, kulingana na maisha yao.

Mla nyama, kama chewa au mkunga, ana silaha iliyo wazi. Huyo huibiwa kwa nadra sana.

Mkazi, yaani samaki mdogo mwenye eneo dogo lenye kituo kimoja tu, hana pa kwenda. Akiibiwa hamwachi msafishaji hivihivi, humkimbiza, humzungusha jiwe zima. Kwa msafishaji huo ni usumbufu na hasara ya muda, na mara inayofuata kwa mteja yuleyule huwa na adabu zaidi.

Msafiri, yaani samaki mwenye eneo kubwa linalopitia vituo viwili au vitatu, hagombani. Akiibiwa anaondoka, na safari inayofuata anakwenda kituo kingine. Na matokeo yake ni haya: akifika msafiri na mkazi kwa wakati mmoja, msafishaji humhudumia msafiri kwanza. Ni kama mwenye genge mtaani anayemwacha jirani yake asubiri nyanya, kwa sababu jirani atakuwepo tu, lakini mpita njia akikawizwa atanunua genge la mbele. Mkazi husubiri. Akisubirishwa sana hana cha kufanya, maana kituo ni hicho hicho.

Juu ya yote hayo kuna macho ya watu, au tuseme macho ya samaki. Wateja wanaongoja hutazama. Katika utafiti wa Bshary na Grutter uliochapishwa mwaka 2006, mteja aliyemwona msafishaji akifanya kazi bila kumgutusha mtu alivutika kwake kuliko kwa msafishaji asiyemjua tabia. Na msafishaji naye, akijua anatazamwa, hupunguza kuuma. Heshima yake mbele ya foleni ni chakula chake cha jioni.

Hata nyumbani kwake msafishaji hana uhuru wa kuiba. Wasafishaji huishi dume mmoja na majike kadhaa, na mara nyingine dume na jike humhudumia mteja mmoja pamoja. Jike aking'ata ute, mteja anaondoka, na dume anakosa mlo wake kwa kosa lisilo lake. Nichola Raihani, akishirikiana na Grutter na Bshary, alionyesha mwaka 2010 kwamba dume humkimbiza jike aliyeiba, na jike aliyeadhibiwa huwa mwangalifu zaidi baadaye. Tusilipambe jambo hili kwa kuliita haki. Dume anatetea tumbo lake, ila mteja ndiye anayenufaika.

Mwalimu, niruhusu nikupe na hili la kuwasimulia wanafunzi, kwa sababu watu wengi huamini kwamba samaki hana akili. Mwaka 2012 watafiti waliwapa wasafishaji, sokwe mtu, orangutani na tumbili wa Amerika aina ya kapuchini mtihani mmoja: sahani mbili za chakula kilekile, moja itaondolewa usipoianza, nyingine itakungoja. Mwenye kujua ataanza na ile isiyongoja. Ni fumbo lilelile la msafiri na mkazi. Wasafishaji wakubwa waliwashinda nyani wote hao kwa wepesi wa kujifunza. Wasafishaji wachanga hawakufanya vizuri hivyo, jambo linaloonyesha kwamba ujuzi huu hukua pamoja na kazi. Na mwaka 2019 kikundi cha Masanori Kohda, huko Osaka, Japani, kiliwatia wasafishaji doa la rangi ya hudhurungi chini ya ngozi ya koo, mahali wasipoweza kujiona. Walipowekewa kioo walijitazama, kisha wakaenda kujikwaruza koo kwenye mchanga na mawe. Wanasayansi wamebishana sana juu ya maana ya jaribio hilo, na ubishi ni halali, lakini kitendo chenyewe kilifanyika na kimeonekana.

Nilisema baba yake mdogo ana ukweli wa namna mbili. Wa pili ni huu: inawezekana kabisa kwamba samaki aliyemwona akiuma si msafishaji hata kidogo. Kuna samaki anayeitwa Aspidontus taeniatus, wa ukoo mwingine kabisa, aliyevaa mavazi yaleyale: umbo, mstari mweusi, buluu ya nyuma, hata ule mchezo wa kuyumba. Samaki wasiomjua humkaribisha, naye huwanyofoa kipande cha pezi na kutokomea. Hata hivyo, mara nyingi maisha yake yanategemea zaidi mayai ya samaki na minyoo inayoishi kwenye vijumba vya mrija, na mavazi yale yanamfaa pia kwa kumkinga na wala nyama. Yuko pia Plagiotremus rhinorhynchos, ambaye akiwa mchanga hufanana na msafishaji mchanga, na huyu kazi yake ni kuwavamia samaki wanaopita na kuwabandua magamba na ute.

Kuwatofautisha kunahitaji kutazama kinywa. Kinywa cha msafishaji wa kweli kipo kwenye ncha ya pua, midomo imechongoka mbele. Cha yule tapeli kipo chini, nyuma kidogo ya ncha, hivi kwamba pua imelala juu ya kinywa kama paa la kibaraza. Ukimkaribia ukaona pua butu iliyotangulia mdomo, umekutana na tapeli. Samaki wakubwa wenye uzoefu wa mwamba wao huonekana kuzijua tofauti hizi. Wanaong'atwa zaidi ni wachanga.

Msafishaji huyu wa mstari mweusi si peke yake kwenye kazi hii. Ana ndugu yake, Labroides bicolor, mweusi mbele na mweupe nyuma, ambaye eneo lake ni kubwa zaidi, huwafuata wateja badala ya kungoja, na huiba zaidi. Ukifuata mantiki ya hapo juu utaelewa kwa nini: asiyekaa mahali pamoja hakutani na mteja yuleyule kila siku, kwa hiyo sifa mbaya haimfikii upesi. Kuna pia kamba wasafishaji wenye mistari myekundu na meupe ambao hukaa kwenye mapango wakipunga papasi zao ndefu, hasa karibu na mikunga.

Sasa swali la tangi. Jibu langu ni hapana, Mwalimu, na nakuomba sana mlizingatie.

Kwanza, atakufa kwa njaa. Samaki aliyezoea kudonoa wateja 2,000 kutwa hawezi kuishi kwa samaki sita wa tangini, ambao vimelea vyao vitakwisha mapema. Wapo wachache wanaojifunza kula chakula kilichogandishwa, lakini wengi hukonda, tumbo linaingia ndani, na kabla hawajafa huwasumbua wenzao kwa kuwanyonya ute bila kukoma, maana hao hawana pa kukimbilia. Mtakuwa mmewafundisha wanafunzi kinyume cha mnachotaka: watamwona msafishaji aliyeondolewa kila kinachomfanya awe mwaminifu. Wauzaji wengine husema kwamba atatibu ugonjwa wa madoa meupe. Hatibu, kimelea cha ugonjwa huo hujichimbia chini ya ngozi, ambako msafishaji hawezi kukifikia.

Pili, sheria. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, na sasa yako chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Hairuhusiwi kuvua wala kuchukua kiumbe humo.

Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, mmoja anayeondolewa huacha pengo kubwa kuliko mwili wake. Akichukuliwa dume, kundi lake linavurugika. Ross Robertson alionyesha mwaka 1972 kwamba dume akitoweka, jike mkubwa kuliko wote huanza kufanya mambo ya kidume ndani ya saa chache, na kwa muda usiofika wiki tatu anakuwa dume kamili mwenye kutoa mbegu. Nafasi ya dume hujazwa, lakini jike mmoja amepungua na kazi ya kituo imepungua. Akichukuliwa aliye peke yake, kituo kimefungwa. Kule kisiwa cha Lizard watafiti waliiweka baadhi ya miamba midogo bila msafishaji kwa miaka minane na nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: samaki wakazi walikuwa pungufu kwa zaidi ya theluthi kulinganisha na miamba yenye wasafishaji, aina za samaki zilipungua kwa karibu robo, na baadhi ya samaki wadogo wakazi walikuwa na maumbo madogo zaidi. Yote hayo kwa kumkosa samaki wa ukubwa wa kidole.

Wao wenyewe nao ni wepesi kudhurika. Baada ya vimbunga na joto la bahari la mwaka 2016 lililopausha matumbawe huko Australia, wasafishaji wa Lizard walipungua kwa kiasi kikubwa kuliko samaki wengine. Waliobaki, pengine kwa kuwa hawakuwa tena na wateja wengi wa kuchagua kati yao, hawakuufaulu vizuri mtihani wa sahani mbili kama waliowatangulia. Matumbawe yetu yamepata shida zake: joto la mwaka 1998 lililopausha miamba ya Bahari ya Hindi, na kwa miaka mingi baruti za wavuvi haramu kwenye mwambao huu wa Dar es Salaam, ambazo huvunja mwamba na kuua kila kilichopo, mteja na msafishaji wake. Miamba iliyobaki haina wasafishaji wa ziada wa kupelekwa darasani.

Rudini Mbudya badala yake, na safari hii mwende na kazi maalumu. Chagueni majira ya kaskazi, siku ambayo mvua haijanyesha kwa muda, maana mito inayoingia baharini ikijaa, maji ya upande huu huchafuka kwa tope na hamtaona kitu. Maji mafu ni bora kuliko bamvua, kwa sababu mkondo hauvuti sana na watoto hawachoki. Wavae maboya. Mtu asisimame juu ya tumbawe hata akichoka. Kisigino kimoja huvunja kilichokua kwa miaka.

Watafute jiwe lililochomoza lenye samaki waliosimama pasipo sababu. Hapo ndipo kituo. Waelee mbali kidogo, mita tatu au zaidi, wasipige maji kwa miguu, na wangoje. Msafishaji atajificha mwanzoni, kisha ataendelea na kazi. Wagawane wawiliwawili: mmoja ataje aina ya mteja, mwenzake awe na kibao cha plastiki na penseli, aandike vitu vitatu kwa dakika kumi na tano: mteja gani amefika, amekaa kwa muda gani, amegutuka mara ngapi. Majina ya kienyeji yanatosha kabisa: pono, tasi, kangaja, mkundaji, changu, chewa. Mkiweza, mwombeni baba mdogo wa yule binti aje nanyi. Mvuvi huyatambua mengi akiwa juu ya maji ambayo mtu wa vitabu huyahangaikia, na mtahitaji jicho lake kwenye aina za changu, zinachanganya sana.

Mkirudi darasani, tafuteni wastani wa migutuko kwa kila aina ya mteja, kisha muwapange kwa makundi matatu: wala nyama, wakazi na wasafiri. Kama kundi la wala nyama lina migutuko michache kuliko mengine, mmeyaona kwa macho yenu yale yaliyoonekana Ras Mohammed. Ikiwa mmepata kinyume chake, msizifute takwimu. Niandikieni mniambie kituo kilikuwa wapi, maji yalikuwa na kina gani, na kinywa cha msafishaji kilikuwa upande gani wa pua.